Samaki wa Wodi ya Watoto na Maji Yaliyolala

Nimestaafu mwezi uliopita, na ninyi vijana wa kituo mmeniomba niandike niliyoyaona kazini. Mmenipa daftari jipya na kalamu mbili, nadhani kwa sababu mnaujua mwandiko wangu unavyokula wino. Nilisoma mpaka darasa la nne katika shule ya misheni karibu na Kalenga, basi msitegemee maneno makubwa. Habari za vyeo na mishahara mtazikuta kwenye faili langu, kama panya hawajazifikia. Mimi nitaandika habari za maji.

Wengi wenu mmenisikia nikisimulia jinsi nilivyowaponya samaki wa hospitali huko Iringa, wakati ule kabla ya uhuru. Nimeisimulia mara nyingi, na kila mara mmenisifu. Sijawahi kuwaambia ni nani aliyewafanya samaki wale waugue. Dada yangu Agnes alikuwa akinisikiliza nikiisimulia nyumbani kwake Kihesa, naye hakunikatiza hata siku moja. Mwaka huu tumemzika. Tangu tumzike, hadithi ile hainipiti tena kooni jinsi ilivyokuwa, kwa hiyo naiandika upya.

Nilianza kazi Mbeya mwanzoni mwa miaka ya hamsini, katika kituo kidogo cha samaki upande wa Iyunga. Kituo kilikuwa na mabwawa manne ya kuzalishia perege, na banda la bati lenye matangi matano ya kioo. Ndani ya matangi hayo Bwana Mkubwa, Mzungu mrefu aliyependa samaki kuliko watu, alifuga samaki wekundu wanaoitwa samaki wa dhahabu. Hawaliwi. Kwa miezi kadhaa nilijiuliza kwa nini serikali inamlisha samaki asiyeliwa, lakini sikumwuliza mtu. Nilikuwa mgeni, na njaa ilikuwa yangu, si ya serikali.

Fundi wangu alikuwa Mzee Ambakisye, Mnyakyusa wa Tukuyu, mfupi, aliyevaa koti la jeshi mwaka mzima. Asubuhi ya kwanza nilifika mapema sana, baridi ya Mbeya ikiniuma masikio. Nilimkuta amesimama mbele ya mapipa matatu, ameuzamisha mkono mmoja ndani ya maji.

"Mugonile?" akasema.

Hiyo ni salamu ya Kinyakyusa, kama kusema, "Mmelala salama?" Sisi Wahehe nasi kulala tunaita kugona, basi nikaelewa, nikajibu kwa adabu kwamba nimelala salama.

Hakugeuka. "Nani amekuuliza wewe? Naongea na maji."

Nilidhani nimepewa mwalimu mwenye wazimu, nikaanza kupiga hesabu ya njia ya kurudi Kalenga.

"Hili limelala," akasema, akiligonga pipa la kwanza. "Hili nalo limelala. Hili la tatu limejazwa jana jioni, bado linakodoa macho. Ukilitumia leo, utaua."

Ndivyo nilivyopata somo la kwanza. Maji ya bomba yalikuwa yanatiwa dawa mjini ili watu wasiumwe matumbo. Dawa hiyohiyo inayomponya mtu tumbo humchoma samaki mashavu, na mashavu ndiyo anayopumulia. Lakini maji yakikaa wazi usiku mmoja na mchana mmoja, dawa huondoka na upepo, na ubaridi wa maji hulingana na ubaridi wa banda. Hapo ndipo Mzee Ambakisye aliposema maji yamelala.

Alikuwa na vyombo vichache. Alikuwa na kipimajoto kimoja alichokifunga kwa uzi shingoni kama rozari, ingawa yeye alikuwa Mmoraviani, si Mkatoliki. Alikuwa na pampu ya baiskeli, na bua la jani la mpapai alilolichomeka kwenye mdomo wa pampu ili kupuliza hewa ndani ya maji polepole. Alikuwa na debe lililokatwa mdomo, na pua. Pua ilikuwa chombo chake kikubwa. Aliinama juu ya tangi, akanusa, akasema, "Humu wamelishwa kupita kiasi," na kweli ukichungulia chini unaona mabaki ya chakula yameoza kati ya kokoto.

"Samaki haugui," aliniambia. "Maji ndiyo yanaugua. Samaki anakuletea habari tu."

Alinifundisha kwamba samaki mgonjwa hapewi chakula, jambo lililonishinda kulikubali kwa sababu kwetu mgonjwa hukimbiliwa na uji. Alinifundisha kutomwaga maji yote kwa mara moja hata kama ni machafu, bali kutoa debe moja katika manne na kurudisha debe moja la maji yaliyolala, na kesho yake hivyohivyo. "Hata wewe," alisema, "ukikuta nyumba yako imehamishwa yote ukiwa ndani, utapona?" Nilikaa naye miaka mitatu hivi, na nadhani mengi ninayoyajua niliyapata mwaka wa kwanza. Miaka miwili iliyobaki nilikuwa naharibu na yeye anarekebisha.

Ikatokea hospitali moja ya Iringa kuomba samaki kwa ajili ya wodi ya watoto. Matroni wao, yaani mkuu wa wauguzi, Mzungu, alikuwa ameona kwao kwamba mtoto mgonjwa hutulia akitazama samaki. Bwana Mkubwa akatoa tangi moja na samaki tisa, akanituma mimi kuwapeleka. Nilifurahi kupita kiasi. Dada yangu Agnes alikuwa mhudumu wa usafi katika wodi hiyohiyo. Mumewe alikuwa amefariki kwa homa na kumwachia mabinti wawili, Neema na mdogo wake, wote wakiwa shuleni, na kazi ile ya kudeki na kubeba ndoo ndiyo iliyowaweka pale Kihesa. Mimi nilitaka anione na kofia ya serikali.

Aliniona. Alizunguka lile tangi mara mbili, akaangalia kofia, akasema, "Kumbe umekuwa mtu."

Matroni akaagiza kwamba Agnes ndiye atakayewatunza samaki. Dereva wa lori lililonileta alikuwa anapiga honi nje, maana alitaka kuondoka mapema. Agnes akasimama mbele yangu na kitambaa begani.

"Haya, niambie. Nifanyeje?"

Hapa ndipo kosa lilipo, na ninaomba mlisome taratibu.

Kwa mama yetu, maji yaliyolala hayakupewa mgeni. Yalimwagiwa mboga, au walipewa kuku. Binti mkubwa aliamka alfajiri akaenda mtoni, na mgeni alikunywa maji ya siku ileile. Agnes alipigwa fimbo mara moja kwa kumpa mjomba maji ya jana, nami nilikuwepo nikicheka. Sasa nimesimama mbele yake na kofia yangu, nimwambie kwamba wageni wa Matroni wapewe maji yaliyolala? Niliuona uso wake kabla hajacheka. Nilijua atasema, "Hicho ndicho serikali ilichokufundisha?" na wauguzi watasikia.

Nikasema, "Wape maji safi kila siku."

"Safi kiasi gani?"

"Safi, dada. Usafi unaujua kuliko mimi."

Maneno hayo yalikuwa ya kweli yote. Huo ndio ubaya wake. Nikapanda lori.

Baada ya wiki tano hivi barua ikafika Iyunga. Samaki watatu wamekufa na sita ni wagonjwa. Mhudumu anayewatunza anashukiwa uzembe, na Jumamosi Matroni ataamua kumwachisha kazi. Kituo kimtume mtu kuja kulichukua tangi. Bwana Mkubwa akampa barua Mzee Ambakisye, naye akaniita.

"Ulimwachia maagizo?"

"Nilimwachia, Mzee."

"Alielewa?"

"Alielewa vizuri."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Mzee Ambakisye alinitazama kidogo, kisha akaanza kufungasha: chumvi ya mawe, kipimajoto chake mwenyewe, pampu ya baiskeli, na madumu mawili ya maziwa yaliyojaa maji kutoka pipa la kwanza. Nilimwambia Iringa kuna maji. Akasema, "Kuna maji. Yamelala?" Nikayapakia.

Dereva alinisumbua njia nzima mpaka Makambako.

"Bwana samaki, huko kwenu Iringa mto umekauka?"

"Haujakauka."

"Sasa haya maji tunayapeleka wapi?"

"Haya yamelala."

"Yamelala!" Akapiga usukani. "Na haya matuta ya barabara yakiyaamsha je?"

Sikucheka. Nilikuwa nafikiri habari ya Jumamosi.

Nilifika siku ya Jumatano mchana. Sijawahi kuona tangi safi kama lile. Kioo kiling'aa, kokoto ziling'aa, maji yalikuwa meupe kiasi kwamba ungedhani samaki wananing'inia hewani. Wote sita walikuwa juu kabisa, midomo nje, wanameza hewa. Mapezi yao yalikuwa yamefungwa mwilini kama mwavuli uliokunjwa, na mmoja alikuwa ameanza kulala ubavu. Mashavu yao yalikuwa mekundu, na ute mweupe umewafunika mgongoni.

Agnes alikuja akijifuta mikono.

"Kamwene, bwana samaki," akanisalimu kwa Kihehe.

"Kamwene, dada."

"Wenzako wanakufa."

"Maji unawapaje?"

"Kila alfajiri. Namwaga yote, nasugua kioo kwa majivu, nasugua na mawe yao, nasuuza mara tatu, najaza ya bomba mapyamapya. Mama mwenyewe asingepata la kusema."

Dresa mmoja, yaani mfunga vidonda, aliyekuwa anapita na sinia la bandeji akasema, "Agnes, mwambie ukweli huyo. Wale uliwafua au uliwapika?" Akaenda zake akicheka. Agnes hakucheka. Alinitazama mimi, akisubiri niseme lililokosewa.

Nililijua palepale. Nikasema, "Tutaona."

Nilianza kazi, maana kazi ilikuwa rahisi kuliko kusema. Nilitoa maji debe moja, nikamimina maji ya Mbeya kwa kikombe, kidogokidogo, kipimajoto kikiwa ndani. Nilitia chumvi, ukufi mmoja kwa debe, ili ile ngozi iliyochubuka ipate nafuu. Nilipuliza hewa kwa pampu na bua la mpapai mpaka mikono ikafa ganzi. Niliazima mapipa mawili jikoni, nikayajaza maji ya bomba na kuyaacha wazi. Halafu niligundua kwamba watoto walikuwa wanawatupia samaki mkate na ugali kila mlo. Nikawaambia samaki wamefunga mpaka Jumapili. Watoto wa misheni walielewa mara moja, wengine walinuna.

Alhamisi yule aliyelala ubavu akafa. Agnes alimfunga kwenye gazeti kama mtu anayefunga kitu cha kupeleka mbali.

"Watano," akasema.

"Watano."

"Jumamosi nikiondolewa, nitawapeleka mabinti Kalenga kwa mama. Watalima. Si vibaya kulima." Akalikunja gazeti upande wa pili. "Lakini Neema anasoma vizuri, Festo."

Hata hapo sikusema. Nataka mjue hivyo. Nilikuwa nimeinama juu ya tangi, na niliendelea kuinama.

Ijumaa asubuhi niliingia wodini nikakuta juu ya maji hakuna kitu. Nilidhani nimewapoteza wote. Nikasogea karibu. Walikuwa chini, wote watano, karibu na kokoto, wamefungua mapezi. Mmoja alikuwa anadonoa kioo, akitafuta chakula nilichomnyima. Samaki anayetafuta chakula ameamua kuishi. Nilikaa kwenye kitanda kitupu kilichokuwa karibu, nikapumua kama mtu aliyetua gunia. Nimeponya samaki wengi baada ya hapo, na wengine walikuwa na faida kubwa zaidi, lakini sikumbuki pumzi nyingine kama ile.

Agnes akaja, akachungulia.

"Umewapa dawa gani?"

Ndipo nikamweleza. Habari ya dawa ya bomba, habari ya mashavu, habari ya kutoa debe moja tu katika manne, habari ya maji kulala. Alisikiliza huku akikamua kitambaa.

"Kumbe walitaka maji ya jana."

"Ndiyo."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua."

"Siku ile ya honi, ulijua?"

"Siku ile."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani utanicheka."

Alikamua kitambaa mpaka kikaisha maji. "Ningekucheka," akasema. "Halafu ningewapa maji ya jana."

Akaenda kudeki upande wa pili.

Jumamosi Matroni alituita ofisini, sote wawili. Alikuwa mwanamke mkavu mwenye Kiswahili cha kitabuni, aliyetamka kila neno kama anaweka vikombe kabatini. Alisema samaki wamepata nafuu na anashukuru. Tangi lingeweza kubaki. "Lakini wanne wamekufa. Nataka kujua kwa nini mhudumu huyu alimwaga maji yote kila siku na kutumia majivu. Nimemwuliza mara tatu. Kila mara anajibu kwamba ilikuwa akili yake mwenyewe."

Nilimgeukia Agnes. Alikuwa anatazama sakafu, na sakafu hiyo alikuwa ameideki yeye.

Mara tatu alikuwa ameulizwa, mimi nikiwa Mbeya sijui lolote. Mara tatu angeweza kusema, "Ni mdogo wangu aliyeniagiza."

"Matroni," nikasema, "si akili yake. Ni agizo langu. Mimi nilimwambia maji safi kila siku."

"Anadanganya huyu," Agnes akasema harakaharaka. "Ni ndugu yangu, Matroni. Ananionea huruma."

"Sidanganyi."

"Nyamaza wewe!" Hilo alilisema kwa Kihehe, lakini nadhani Matroni alilielewa.

"Mmoja wenu anasema uongo," Matroni akasema, "na mimi sitaki kukisia."

Nikamwambia kwamba mimi ndiye niliyefundishwa, tena kwa miaka mitatu, na yeye hakufundishwa na mtu. Nikamwambia jinsi dereva alivyopiga honi, na habari ya mama yetu, na fimbo, na kofia. Nilikuwa sijapanga kusema habari ya kofia. Nilipomaliza, Agnes hakuniita mwongo tena.

Matroni akamwuliza Agnes, "Ulipoambiwa maji safi kila siku, uliruka siku yoyote?"

"Hapana, Matroni. Hata Jumapili."

"Ulikuja hapa Jumapili, siku yako ya mapumziko?"

"Nilikuja kabla ya ibada. Nikawabadilishia, nikaenda kanisani."

Matroni akachukua karatasi iliyokuwa mbele yake, ambayo nadhani ilikuwa ndiyo barua ya kumwachisha kazi, akaikunja mara mbili na kuitia katika mtoto wa meza. "Rudi kazini, Agnes," akasema. Mimi akanipa karatasi nyingine, tupu, niandike hapohapo mbele yake barua kwa mkuu wangu, nieleze nilichomweleza yeye. Niliandika kwa muda mrefu sana. Barua ilinitangulia Mbeya. Bwana Mkubwa alinipa onyo, na Mzee Ambakisye alininyima mazungumzo kwa wiki mbili, mpaka asubuhi moja aliponipa pampu na kuniambia bua la mpapai limechanika, nikakate lingine. Nikajua yamekwisha.

Lakini siku ile, nilipotoka ofisini, sikufika langoni. Niliketi kwenye benchi la kibarazani, nje ya wodi. Samaki walikuwa hai, dada yangu alikuwa na kazi, na mimi nilikuwa nimesema. Machozi yalinitoka, sikuyazuia. Wagonjwa wa nje walidhani nimefiwa, mama mmoja akanipa pole.

Agnes akatokea mlangoni na ndoo. Aliniona, akajifanya hajaniona, akaanza kudeki kutoka mwisho wa kibaraza, akirudi kinyumenyume kuja upande wangu.

"Ungenitaja tu," nikamwambia.

"Ningekutaja, leo sote wawili tungekuwa Kalenga tunapalilia. Na wewe jembe hujui."

"Mara tatu, dada."

"Aliniuliza vibaya," akasema. "Aliuliza kwa nini. Hakuuliza nani."

Alikuwa amefika kwenye benchi. Kitambaa kikagonga kiatu changu.

"Inua miguu, Festo. Niko kazini."

Nikainua miguu.